Sanduku Lililokalia Nafasi Yangu

Nianze na uongo, maana ndio uliotangulia kufika nyumbani. Tajiri mmoja mwenye duka na lori karibu na Nkubu alirudi kutoka Mombasa na mkewe na mtoto wao, akamwita mama yangu, akamwambia meli ya kwenda Unguja ilizama na mimi, yaya wao, nikazama nayo. Boti ya kuokolea watu ilijaa pomoni, alisema. Tena eti mimi mwenyewe nilikataa kupanda kwa kuogopa maji. Ebo! Mimi niliyezoea kuvuka mto Thingithu ukiwa umefurika, kuni mgongoni!

Mama aliangua kilio. Machozi hayajakauka, wakamwambia awashushie sanduku lao kutoka kwenye lori. Akalifunga kamba, akaipitisha kamba kipajini kama tubebavyo kuni, akalifikisha hadi sebuleni kwao. Wakati huo ulikuwa wa Hali ya Hatari. Tulifungiwa kijijini, tumezungushiwa handaki lililojaa miti iliyochongwa, na tajiri yule alikuwa rafiki wa chifu. Neno lake moja lilitosha kumpeleka mtu kizuizini. Nani angembishia?

Ukweli ni huu. Botini mlikuwa na watu wanane, na wangetosha mara tatu ya hao. Nilimpokeza mama mwenye nyumba mtoto wake, kisha nikampokeza sanduku, akaliweka kwenye ubao kando yake. Nilipoinua mguu, mzee, yule tajiri, akanizuia begani. "Wewe ngoja ijayo," akasema. Baharia akamwambia nafasi ipo. Mzee akavua saa yake, akamtia baharia mkononi, makasia yakapigwa.

Ijayo haikuja. Nilikumbatia benchi la mbao mpaka meli ya mizigo ikaniokota, nikalazwa hospitali Mombasa wiki kadhaa. Homa ilinitoka mapema. Hasira ndiyo iliyobaki.

Nilifika lango la kijiji Jumamosi alasiri. Askari wa zamu, mwana wa mjomba wangu, aliponiona akasahau hata kuniuliza pasi. Mama naye hakupiga kelele. Alinipapasa uso, mabega, vidole kimoja kimoja, kisha akasema, "Kesho tajiri wako na mkewe wana ibada ya shukrani. Wamepewa ruhusa ya kuchinja fahali. Utaketi nyuma, ujitande shuka." Nilimjua mama yangu. Nikamwogopea, nikamwambia tunyamaze tu, uhai unatosha. Akanijibu kwamba hakunizaa niwe mwoga wa maji kwenye kinywa cha mtu mwingine.

Kesho yake kanisa lilijaa. Harufu ya nyama iliingia madirishani, na sisi hatukuwa tumeonja nyama kwa miezi. Mzee akasimama kushuhudia. "Ndugu zangu, boti ilijaa. Hata sindano isingepenya. Yule msichana tulimsihi, akakataa." Mkewe aliinamisha kichwa, amevaa gauni la samawati nililolikunja kwa mikono yangu mwenyewe.

Mama akasimama. "Mzee, nina swali dogo. Sanduku lilikaa wapi?"

Watu wakageuka kumtazama.

"Nililibeba kwa mgongo huu," mama akaendelea. "Lilikuwa zito kama mtu. Tena lilikuwa kavu."

"Keti, mama, una uchungu," mzee akasema. "Wanaojua ni waliokuwepo."

"Haya, tuwaulize waliokuwepo. Mwanangu, simama."

Nikavua shuka. Lo! Mtu mmoja aliruka nje kupitia dirishani akidhani ni mzimu. Mtoto wao akachoropoka mapajani mwa mama yake, akanijia mbio, nikambeba. Nikasimulia yote nikimtazama mzee usoni. Nilipomaliza, mzee akamgeukia mkewe amtetee. Mkewe akasema, kwa sauti ya chini, "Ni kweli."

Sasa nisikilizeni, maana hili nitajivunia hadi kaburini. Kwetu, ukila nyama ya karamu ya mtu umelikubali neno lake. Watu wale wenye njaa, watoto wenye miguu kama fito, walipita kando ya fahali mzima aliyeiva, wakameza mate, wakaenda zao. Wazee walipita. Hata askari wa lango walipita na bunduki zao. Chifu angemfunga nani? Kutokula si kosa.

Wakaja kwetu wote. Mama alipiga vigelegele vitatu, kama apigiwavyo mtoto wa kike anapozaliwa, akaipua sufuria yake moja ya mahindi na maharagwe. Nyumba yetu ilikuwa ndogo, ikajaa mara moja, na waliobaki nje wakasita mlangoni, wakisema watarudi siku nyingine.

"Mrudi wapi?" mama akawafokea, huku akilivuta benchi ukutani. "Ingieni. Songeni hapo. Nafasi ipo."