Matone ya Siku ya Kliniki

Juzi kliniki ya macho Upper Hill, mlango wa daktari ulikuwa wazi, nasi wa benchi tukasikia yote. Mzee mmoja alikuwa akipangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho.

"Matone ya presha ya macho unaweka?"

"Kila siku, daktari!"

Mkewe akaangua kicheko. "Baba watoto, hata Mungu anakusikia! Daktari, huyu huweka asubuhi ya kuja huku tu, ndio mashine ya kupima presha isimseme."

Daktari akaweka kalamu chini. "Basi tukitoa mtoto wa jicho, tutaweka na kibomba kidogo cha kupunguza presha. La sivyo utapofuka tu, mzee."

Mzee akakubali kwa kichwa.

Nilimcheka mpaka nikaitwa mimi. Chupa yangu ya matone, niliyopewa kliniki iliyopita na kuifungua asubuhi hiyo tu, ilikuwa bado imejaa.