Vidonge Vinane vya Mama

Mama yangu aliposhikwa na nimonia huko kwetu Rombo, mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa karibu. Wenzangu wako Dar, wanatuma pole kwa simu. Daktari alimwandikia vidonge vya siku saba, viwili kwa siku, na kwenye maduka ya dawa ya pale mjini Mkuu vilikuwa vimekwisha. Nikatumiwa picha ya cheti, nikafunga cherehani yangu hapa Shirimatunda nikaenda kuvitafuta Moshi mjini.

Duka la tatu ndipo nikavipata. Binti muuzaji akaniwekea maboksi mawili juu ya kaunta: moja elfu arobaini na mbili, jingine elfu saba.

"Dawa ni ileile, dada," akasema. "Hili la ghali unalipia jina tu. Mama yangu mimi ningempa la elfu saba."

Nilimwona ananidharau. Kwetu, mtoto anayeishi mjini akimpelekea mama yake kitu cha bei chee, majirani watajua kabla hajafika kwenye migomba. Rahisi ni ghali, nikajisemea, utadhani nimesomea udaktari. Nikatoa hela ya kodi ya fremu ninayoshonea, nikachukua lile la ghali.

Nilipomfikishia Rombo, mama aliligeuzageuza lile boksi. "Bei gani hii?"

Nikamtajia, tena kwa kujidai. Hapo ndipo nilipoharibu.

"Yesu na Maria! Hela yote hiyo kwa kifua changu hiki cha kizee?"

Siku ya nne nilipompigia simu, akaniambia amepona, ameshakata hata majani ya ng'ombe. Nami mjinga nikashangilia. Haikupita wiki mbili, jirani akanipigia: mama hapumui vizuri, wamemkimbiza hospitali.

Nilimkuta na mpira wa oksijeni puani, hanitambui. Nikajua nazika. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki siku tatu, miguu imevimba, nikimlaani yule binti wa duka la dawa kwamba kaniuzia feki. Masikini, hakuwa na kosa lolote.

Sindano zikamrudisha. Aliporuhusiwa akapewa vidonge vya kumalizia nyumbani, na nilipoliona boksi nikalisoma mara mbili: lilikuwa lile la elfu saba. Nikabaki naye huko kumwangalia. Alivimeza vyote, asubuhi na jioni, bila hata kukumbushwa.

Siku ya kurudi mjini akanifungia mkungu wa ndizi na maparachichi. Kisha akafungua fundo la kitenge chake, akatoa vidonge vinane, bado viko kwenye karatasi yake ya kung'aa. Vile vya kwanza. Alikuwa amemeza sita tu.

"Hivi ni vyako," akasema. "Kila Desemba ukija hapa baridi inakushika kifua. Dawa ya ghali namna hii mtu hamalizi peke yake, anamwekea mtoto. Zile rahisi ndizo nilizomaliza, za nini kuziweka?"

Nikamfokea, Mungu anisamehe. "Mama, ungekufa!"

"Kwani nimekufa? Weka kwenye pochi, usivipoteze."

Nikaviweka. Nilikuwa nimechoka mno, sikuwa na nguvu za kubishana na mtu aliyekubali kukosa pumzi ili mimi nisikohoe.