Tochi ya Fomani

Siku yangu ya kwanza gerejini, pale Nateete, sikupewa spana. Nilipewa tochi. Ninyi vijana mnaomulika kwa simu hamjui kwamba ile ilikuwa kazi kamili, kulala kando ya fundi chini ya gari na kumuangazia. Fundi wangu alikuwa Mganda mkali. "Wewe, mulika penye mimi naangalia, si penye wewe unaangalia." Nilimulika mpaka shingo ikakakamaa. Namshukuru hadi leo, maana kwa kufuata macho yake ndivyo nilivyojifunza gari.

Baadaye nilihamia Kisenyi, gereji ya Hajati, nikawa fundi wa giaboksi, lile sanduku la gia. Huko ndiko giaboksi moja ilikoteleza kwenye jeki ikaniangukia mkono wa kushoto. Mkono ulipona, vidole vikagoma. Niliweza kuegemea na kusukuma, lakini tochi ilinitoka kila nilipoishika kwa mkono huo, na wa kulia ulishika spana. Na chini ya gari bila mwanga wewe si fundi, ni mtu aliyelala tu.

Hajati hakuwa mtu mbaya. Alisema mbele yangu, "Ramadhani arudi kumulikia wengine." Yaani nirudi nilikoanzia, na mvi zangu. Niliumia, sifichi.

Fomani, msimamizi wetu, alikuwa Mkenya mnene asiyependa maneno mengi. "Hajati, nipe mpaka kesho," akasema.

Akachomoa ule ukanda mwembamba wa chuma ulio ndani ya waipa kuukuu. Bati ukilikunja linabaki limekunjika. Chuma cha waipa kina springi, kinarudi kubana. Akakikunja kwa koleo. Upande mmoja akaufunga kwenye tochi ndogo kwa klipu ya paipu ya rejeta, upande wa pili ukauma mdomo wa kofia yangu. Mara ya kwanza kilikuwa legevu, tochi ikanigonga pua. Fomani akacheka, akakikunja upya.

"Haya, angalia juu. Angalia chini."

Mwanga ukafuata macho yangu mwenyewe.

Asubuhi nilifika nikiona haya, tochi kichwani. Nikakuta gereji nzima, Fomani akiwa wa kwanza, wana tochi kwenye kofia.

"Ndiyo utaratibu wa gereji sasa," akamwambia Hajati. "Mkono wa fundi ni wa spana."

Hajati akazitazama kofia zote, kisha akanitazama mimi. "Basi Ramadhani, ile gari nyeupe inakungoja." Nikaingia chini yake, na sikutoka kwenye ufundi mpaka nilipostaafu. Wateja walituita watu wa tochi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza tulianzaje.

Fomani alistaafu kabla yangu, akarudi kwao, akaniachia kofia yake pamoja na tochi. Niliitundika ukutani. Juzi jioni umeme ulikatika, nikaifungua ile tochi nibadilishe betri. Hamna kitu. Springi ya ndani bado inang'aa, haijawahi kuguswa na betri hata moja. Ndipo nikakumbuka kwamba Fomani alikuwa haingii chini ya gari; tumbo lilishamkatalia.

Nikampigia simu, nikamuuliza kwa nini basi alivaa tochi isiyowaka miaka yote ile.

"Betri zilikuwa zinaifanya kofia nzito," akasema. Kisha akaniuliza mkono unaendeleaje.