Mandolini Iliyogeuzwa Uso Ukutani

Saa mbili asubuhi, maji ya kunyolea bado hayajachemka. Corrado Giunta amekaa kwenye kiti cha wateja, amekipa kioo mgongo, na mandolini ya watu, ala kama gitaa dogo, iko mapajani mwake. Anachukua sarafu ya senti moja na kuipenyeza chini ya nyuzi, pale kwenye chuma cha kumi na mbili kati ya vyuma vyembamba vilivyokingama shingoni. Sarafu inapita kwa kujikuna kidogo.

“Hapo sawa,” anasema. “Ikipita kwa raha, nyuzi ziko juu mno, vidole vitaumia. Isipopita kabisa, zitakwaruza.”

Corrado ana miaka sabini na moja. Ni kinyozi wa Palazzolo Acreide, mji wa milimani huku Sisilia, kama baba yake na babu yake. Kinyozi wa zamani wa hapa ana wembe mkononi na mandolini juu ya kioo, na mteja anayesubiri zamu hupigiwa mpaka zamu ifike. Kunyoa nywele ni euro kumi na mbili, ndevu sita. Wimbo haulipiwi.

Watu humletea mandolini zilizosahauliwa darini, aziamshe. Hutoza euro kumi na tano, na wengi hulipa kwa jibini au mayai. Hubadilisha nyuzi jozi moja baada ya nyingine. Hathubutu kuzitoa zote nane kwa pamoja, kwa sababu kidaraja kinachozibeba hakikugundishwa. Kinashikiliwa na mkazo wa nyuzi zenyewe, na kikihama upana wa unywele, kila noti ya juu inapotoka. Kwenye vijia vya nyuzi anasugua ncha ya penseli ili zisikwame.

Mwenye mandolini akija kuichukua, hupewa onyo lile lile. Afute nyuzi akimaliza kupiga, maana jasho ni kutu. Na kama hataigusa kwa mwezi mzima, azilegeze, kwa sababu nyuzi nane zilizokazwa huvuta uzito wa mtu mzima, usiku na mchana, bila kupumzika.

Asubuhi hii onyo hilo linasikika mpaka kwenye benchi, alikoketi Saro, mpeleka barua mstaafu anayekuja kila Jumanne awe na ndevu asiwe nazo.

“Jiambie na wewe, mastro,” Saro anasema kwa kicheko, akimwita kama mafundi wa huku wanavyoitwa. Kisha kicheko kinamkauka. Anaokota gazeti na kujifunika nalo uso.

Corrado anatazama juu ya kioo, iliko mandolini nyingine, nyeusi kwa uzee, ambayo mteja yeyote haruhusiwi kuiteremsha.

Baba yake aliipata Catania mwaka 1954, kwa kubadilishana na nyumbu. Mama yake hakumsemesha baba kwa wiki mbili. Watoto wao wawili walikulia chini ya mandolini hiyo: Corrado akaichukua yeye, na mdogo wake Nele akashika gitaa. Kwa miaka arobaini ndugu hao walinyoa kwenye viti viwili na kupiga pamoja. Saro anasema ukiingia na haraka zako, ulitoka jioni, umenyolewa shavu moja.

Kisha Nele akaugua mapafu. Majira ya baridi ya mwisho, kila adhuhuri Corrado alifunga duka, akapanda ngazi na kumpigia ndugu yake kitandani. Siku moja Nele alimshika mkono.

“Nikifa, msiigeuze ukutani. Nipigie.”

“Kufa kwanza, ndipo uanze kutoa amri,” Corrado alimjibu. Wakacheka wote wawili, mpaka kikohozi kikamkamata Nele.

“Nilimfanyia utani,” Corrado anasema sasa, akifuta wembe ambao tayari ni safi. “Hakulisema tena. Na mimi sikulirudia.”

Nele alifariki mwezi Februari, miaka mitatu iliyopita. Katika mtaa wao, nyumba yenye msiba haina muziki mwaka mzima. Redio hufunikwa kitambaa, na chombo cha kupigwa hugeuzwa uso ukutani, kisiguswe mpaka misa ya mwaka. Duka lilikuwa la ndugu wawili, kwa hiyo nalo lilikuwa nyumba ya msiba.

Aliyeigeuza ni Venera, mjane wa Nele. Aliingia na nguo yake mpya nyeusi, akapanda juu ya kiti cha mumewe, akaifanya kazi hiyo. Corrado alisimama nyuma yake. Aliziona nyuzi zimekazwa vilevile kama alivyoziacha alipompigia Nele mara ya mwisho.

“Nilitaka kumwambia, shemeji, ngoja nizilegeze kwanza,” anasema. “Lakini kulegeza nyuzi si jambo la kimya. Zinalia moja moja, zinashuka kama mtu anayeugua. Na pale nje walisimama watu thelathini wa matanga. Nikaona haya.”

Akajiambia kesho. Kesho majirani walikuwa bado wapo. Akajiambia wiki ijayo, na wiki ijayo mtu fulani alikuwa kitini na povu kidevuni. Mvua za vuli zikaja, ukuta ukanywa maji. Kwa mwaka mzima alinyoa watu chini ya mandolini hiyo, akiwahimiza walegeze nyuzi za kwao.

Siku ya misa ya mwaka aliiteremsha mbele ya Venera. Uso wa mbao ulikuwa umebonyea chini ya kidaraja, na shingo imepinda. Alijaribu sarafu yake ya senti moja. Zilipita sarafu tatu, zimepandana.

Hapo ndipo alipomweleza shemeji yake ombi la Nele, kwa mara ya kwanza.

Venera, mwenye miaka sitini na sita, hazungushi maneno anaposimulia siku hiyo. “Nilimuuliza: mimi nimelala na mtu huyu miaka thelathini na minane, na alichotaka unakijua wewe, unakaa nacho mwaka mzima? Ningekubali ipigwe. Watu wangesema, ndiyo. Wangesema mpaka Pasaka, halafu wangechoka.”

Hakumsemesha Corrado kwa miezi minne. Ukoo huo una desturi hiyo, anasema, tangu wakati wa nyumbu.

Corrado aliifunga mandolini kwa taulo za duka na kuipeleka Catania. Fundi wa huko aliikagua kwa taa, akataja euro mia tisa: uso mpya, na shingo inyooshwe. Ingepona kabisa. Ila alimwambia wazi kwamba sauti itakuwa ya mbao mpya. Corrado akaifunga tena taulo zake na kurudi nayo.

“Alichoomba Nele ni sauti ile,” anasema. “Nimeiharibu, lakini ni ile.”

Alifanya aliloweza kwa mkono wake. Alipunguza kidaraja kwa msasa kidogo kidogo, siku kumi na moja. Akaweka nyuzi nyembamba, akazishusha sauti chini ya kiwango cha kawaida. Sasa mandolini inaimba kwenye vyuma vitano vya mwanzo tu. Ukipanda zaidi, inanguruma kama nyuki ndani ya chupa.

Jumatatu vinyozi hufunga. Jumatatu moja, mwaka jana, mlango wa duka uligongwa. Alikuwa Venera, na mkoba wake kwapani. Alimwambia shemeji yake amfundishe kupiga.

“Kwa umri huo?” Corrado alimuuliza.

“Wewe ukifa, nani atampigia Nele? Saro?”

Tangu siku hiyo hajakosa Jumatatu. Vidole vyake vimeota sugu, na huvionyesha kwa majivuno zaidi kuliko pete. Februari ijayo, kumbukumbu ya Nele, wanakusudia kukaa mlangoni mwa duka mchana kweupe: Venera na mandolini, Corrado na gitaa la marehemu. Watapiga mazurka moja, ngoma ya zamani ya kucheza, ile aliyoipenda Nele. Venera anaijua nusu.

“Nusu inatosha,” Corrado anasema. “Nusu ya pili iko juu ya chuma cha tano.”

Chini ya orodha ya bei, karibu na kioo, amebandika karatasi aliyoiandika mwenyewe: *Siku nikifa, ipigwe kwanza. Kisha ilegezwe.* Wateja wengine huisoma na kucheka. Yeye huwaacha wacheke.

Jumatatu inayofuata, somo linakwisha saa tano. Venera anafuta nyuzi za mandolini nyeusi moja moja kwa kitambaa, kama alivyofundishwa. Kisha anashika vigingi na kuanza kuzilegeza. Zinalia, zinashuka, jozi baada ya jozi. Jirani wa ng'ambo, anayeanika nguo, anageuka kutazama.

Corrado anainuka, anakwenda dirishani. Liko wazi nusu. Analifungua lote.