Nyuso za Babu kwenye Maboksi ya Sabuni

Boksi la sabuni za mche likipasuliwa hutoa harufu ya aina yake: vumbi la karatasi, mafuta ya mawese kwa mbali, na ule ukali wa magadi unaowasha puani. Kila ninapoinusa, hata leo, vidole vyangu hujikunja vyenyewe kana kwamba vimeshika penseli. Nawaeleza ninyi jambo hili kwa sababu watu wa nyumbani kwangu wamekwisha kulizoea na hawaniulizi tena.

Nilikulia Soweto, Mbeya, katika nyumba ambayo ifikapo Juni baridi ya sakafu yake ilitufanya tutembee kwa ncha za vidole. Karatasi zilikuwa za shule, na mama hakuruhusu zichezewe. Kwa hiyo nilichora katuni upande wa ndani wa maboksi tuliyopewa na mwenye duka. Nilikuwa na watu wangu. Alikuwepo Bwana Birika, ambaye pua yake ilikuwa mdomo wa birika na mkono wake mmoja ulishika kiuno daima, ukawa kishikio. Sikuhitaji kuandika popote kwamba ana hasira. Ulimtazama tu ukajua kuwa anakaribia kuchemka. Alikuwepo pia Dada Uzi, mwembamba, aliyepinda shingo kila alipotaka kuomba radhi, naye aliomba radhi hata kwa mbuzi. Kanuni yangu, niliyoitunga mwenyewe nikiwa darasa la nne na ambayo sijaona sababu ya kuibadilisha, ilikuwa hii: mtu wa katuni atambulike hata kwa kivuli chake, na tabia yake ionekane kabla hajafungua kinywa.

Babu yangu mzaa baba ndiye mtu mzima pekee aliyezichukulia kazi hizo kwa uzito. Alikuwa mkulima wa Idodi, huko Iringa kwenye barabara iendayo mbugani, na kila alipokuja kututembelea aliketi nami jikoni akiwahoji watu wangu mmoja mmoja. "Huyu Birika ameoa?" aliuliza. "Basi mkewe ana moyo." Kama babu wengi wa kwetu, aliniita mke wake, nami nilikuwa na haki ya kumjibu ovyo.

"Mke wangu, mbona leo hujanipikia nyama?"

"Sipikii vibogoyo nyama. Utaitafuna na nini?"

"Nitaimeza nzima, kama chatu. Halafu nikumeze na wewe."

Kabla ya kila mzaha, unyusi wake wa kushoto ulipanda peke yake, polepole, kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Nilipouona ukipanda nilianza kucheka kabla sijaambiwa kitu.

Kisha kiharusi kikampata. Alitibiwa Iringa, na baba akamleta kwetu ili awe karibu na mazoezi ya viungo. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala, mdomo umevutwa chini, na maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa mguno mmoja uliotumika kwa kila kitu. Tuliambiwa tusipige kelele, tusimchoshe, tumheshimu. Hakuna aliyenikataza utani kwa jina, lakini siku nilipomwita kibogoyo mbele ya wageni wa kanisani, mama alinifinya mkono, nami nikaelewa. Tangu hapo nilimwamkia shikamoo nikiwa nimesimama wima, nikaondoka.

Baba alikuwa fundi wa mashine katika kinu cha mpunga Igawa, akirudi nyumbani Jumamosi. Kaka yangu Elia alimwogesha Babu asubuhi kabla ya shule. Kazi iliyobaki, yaani uji, dawa, shuka na kumgeuza mkao, ilikuwa ya mama, naye aliifanya bila kunung'unika. Lakini mama alikuwa Mnyakyusa aliyelelewa Tukuyu na bibi mkali, na katika malezi yale mwanamke hamtazami baba mkwe usoni. Zamani, tuliambiwa, mke alijificha kabisa njiani alipomwona baba mkwe akija. Mama alikuwa mtu wa mjini, aliimba kwaya, na alisema desturi hizo zimepitwa na wakati. Macho yake yalikuwa hayajaambiwa. Alipiga magoti, akaweka bakuli, akainua kijiko huku akitazama kidevu cha Babu au kifungo cha shati lake, akasema, "Baba, karibu uji," kisha akasubiri akiangalia mkeka. Babu alipogeuza kichwa, mama alifikiri ameshiba. Alipoguna, alifikiri anaumwa.

Jumamosi moja nilikuwa nachora chini ya meza wakati baba na mama wakizungumza, Babu akiwa kitini hatua chache tu kutoka walipokuwa.

"Hali chakula, hataki, haelekezi," mama alisema kwa sauti ya uchovu. "Sijui hata kama ananisikia, baba Elia."

"Mwili upo. Mwenyewe sidhani kama yupo," baba alisema. "Mpunga ukishavunwa nitampeleka Idodi kwa dada yake. Akapumzike kwake."

Sikuwa mtoto mjinga. Nililijua neno kupumzika lina maana gani kwa wazee. Nilipochungulia, Babu alikuwa akitazama ukuta, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umekamata kitambaa cha kiti kwa nguvu.

Hivyo nikaamua kumpatia Babu njia ya kusema. Nilikata vipande vya boksi, na juu ya kila kimoja nikamchora yeye pamoja na kitu: Babu na kikombe, Babu na kitanda, Babu na Biblia, Babu na dawa. Uso niliunakili kutoka kwenye picha yake ya studio iliyotundikwa sebuleni, ile aliyovaa koti la kuazima. Macho sawa, mdomo ulionyooka, shingo imekakamaa. Nilitia bidii kubwa kuliko yote niliyokwisha kuitia, kwa kuwa nilikuwa namchora mzee anayeheshimiwa. Nilipovipanga mapajani mwake, alivitazama kidogo, akavisukuma vyote chini kwa mkono mmoja. Nikaviokota, nikavipanga tena. Akavisukuma tena. Mama, aliyesikia vikianguka, alisema kwa upole kutoka jikoni, "Mwache babu yako, mwanangu. Haoni maana yake." Nilikuwa nimetaka kuthibitisha kuwa yupo, nami nikawa nimewapa ushahidi kuwa hayupo.

Siku chache baadaye akaja Mzee Komba. Huyu alikuwa Mngoni wa Songea aliyehamia Mbeya zamani, rafiki wa Babu tangu ujana, na Wangoni na Wahehe, watu wa kabila la Babu, kama mjuavyo, ni watani. Hakubisha hodi. Tulimsikia uani akipaza sauti.

"Jembe liko wapi? Nimekuja kuchimba kaburi la Mhehe, nimechoka kusubiri taarifa!"

Mama alitoka mbio, mikono ikiwa na unga. "Mzee, tafadhali, mgonjwa ana hali mbaya."

"Nimeambiwa, mama. Ndiyo maana nimekuja na njaa. Ubwabwa wa msiba unapikwa saa ngapi?"

Akaingia, akavuta kigoda, akaketi goti kwa goti na Babu. "Kamwene, Mhehe," alimwamkia kwa lugha ya kwao Babu, kisha akamtazama usoni kwa utulivu ambao hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa ameuthubutu tangu ugonjwa uingie. "Mababu zangu walikuja na mikuki na ngao wakashindwa kuwamaliza ninyi. Leo unataka presha ipate sifa hiyo? Utatuaibisha Wangoni wote."

Halafu akafanya jambo lililomfanya mama ashike mlango. Alivuta pembe ya mdomo wake kwa kidole mpaka ukapinda kama wa Babu, akalegeza bega, akaguna. Akaendelea: akawa Babu anayekagua vitunguu sokoni, anakibonyeza kimoja, anakinusa, anakirudisha kwa dharau. Akawa Babu anayesali huku akipiga jicho chunguni kuona kama nyama inatosha. Hakufanana na Babu kwa sura hata kidogo, kwani alikuwa mfupi, mnene, mwenye upara. Lakini yule aliyeketi kwenye kigoda alikuwa Babu mwenyewe.

Nami nilikuwa namtazama Babu wa kwenye kiti. Unyusi wa kushoto ulipanda. Ulipanda polepole, ukachungulia. Kisha mkono wake ukachukua kitambaa cha kufutia mdomo, kilicholowa mate, ukamtupia Mzee Komba usoni.

"Ahaa!" Mzee Komba alijifuta bila kuona kinyaa. "Mnasema huyu anaumwa? Huyu ana ujeuri ule ule."

Jioni ile nilipasua boksi jipya. Safari hii sikuitazama picha ya ukutani. Niliuanza uso kwa unyusi, kwa sababu ndiko Babu alikoanzia, na mdomo nikaupinda kama ulivyopinda, kwa kuwa ndio aliokuwa nao. Sikumchora pamoja na vitu. Nilimchora akiwa na hali: Babu anayechukia, ulimi nje, bakuli likimkimbia; Babu aliyechoka wageni, macho yamezama, masikio yameanguka kama ya mbwa; Babu mwenye baridi, amekunjamana kama ndizi; Babu anayetaka kutaniwa, kifua mbele, shingo ya jogoo.

Asubuhi mama alivikuta vipande hivyo mapajani mwa Babu alipoleta uji. Nilikuwa mlangoni. Alichukua kile cha juu, na uso wake ukabadilika.

"Umemchora babu yako mdomo umepinda?"

"Ndivyo ulivyo, mama."

"Mtoto gani huyu asiye na adabu!" Aliinua mkono akitaka kukikunja kile kipande. Babu aliguna, si kwa nguvu, lakini kwa namna iliyomfanya asite. Mkono wa kushoto ulikuwa ukipekua vile vingine taratibu, kama mtu anayechagua karata. Akakitoa kimoja, akakiweka juu ya bakuli la uji: Babu anayechukia, ulimi nje.

Mama alikishika. Alikitazama kwa muda mrefu sana kuliko mtu anavyoitazama katuni. Mabega yake yakaanza kutikisika, akafunika kinywa kwa upindo wa khanga. Kwanza nilidhani analia, na nadhani alikuwa akifanya yote mawili. Kisha akakiinua kile kipande mpaka usawa wa macho yake, kati yake na Babu, akakiuliza:

"Baba, ni uji wa lishe usioutaka? Tangu ulipokuja?"

Nyuma ya boksi, kichwa cha Babu kiliitikia.

Nilicheka sana siku ile kumwona mama akizungumza na boksi la sabuni. Akaendelea hivyo siku zote zilizofuata. Aliviweka mfukoni mwa aproni, akavitoa, akaviuliza, naye Babu akachagua jibu. Baba aliporudi Jumamosi alikuta Babu anakula ugali laini kwa mlenda, na mpunga ulipovunwa hakuna aliyetaja tena safari ya Idodi. Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama habari ya jinsi nilivyompa babu yangu kinywa.

Babu alifariki baadaye sana, akiwa amekwisha kurudi kwake Idodi, nami nilikuwa binti mkubwa. Baada ya maziko, wanawake wa Idodi walimzunguka mama wakitaka kujua mzee alikuwaje miaka ile aliyokaa Mbeya, na mama akawaeleza, akitazama moto. Aliwaeleza habari za unyusi, na mdomo, na jinsi jicho la kulia lilivyochelewa kufumba kila alipocheka. Akasema Babu alikuwa na baka dogo la rangi ya tende chini ya jicho hilo, ambalo lilipotea ndani ya mikunjo kila alipofurahi, na kwamba ndilo yeye mama alilokuwa akilitafuta kila asubuhi ili ajue siku itakuwaje.

Baka hilo sikuwahi kulichora.