Binti Yangu Naye ni Mwalimu

Mama yangu alishuka kutoka kijijini kwetu Kinole, milimani, akiwa kwenye kiti cha mbele cha gari la mizigo, amefumbata tasbihi yake, na mjomba yuko nyuma pamoja na mikungu ya ndizi. Majirani walikuwa wamemkuta shambani magharibi ikiingia, katikati ya mashina ya iliki aliyoyapanda mwenyewe, akiuliza njia ya kwenda kwa mama yake. Mama yake, yaani bibi yangu, alifariki mimi nikiwa bado shule ya msingi.

"Mpwa wangu," mjomba aliniambia pale mlangoni, "dada yangu hawezi tena kukaa peke yake. Na wewe ndiye binti."

Nikampokea. Nilikuwa nimeshaishi Morogoro mjini miaka mingi, nafundisha Kiswahili sekondari, na Jumamosi asubuhi nafundisha yoga. Yoga niliipata kwa mama mmoja wa Kihindi, mjane, ambaye familia yake ilikuwa na duka la vitambaa hapa mjini. Nilimwendea kwa ajili ya mgongo, maana kusimama ubaoni kulikuwa kumeniharibu. Mgongo ulipata nafuu, lakini nikaendelea kwenda kwa sababu ya maneno aliyokuwa akiyasema baada ya mazoezi, tukiwa jikoni kwake, yeye akimenya vitunguu. Alisema kazi yoyote inaweza kuwa ibada ukiifanya kwa ajili ya Mungu na usidai chochote, hata shukrani. Alisema kila anayekuja mikononi mwako umhudumie kama aliyetumwa kwako na Mungu mwenyewe.

Mimi ni Muislamu. Sikuhama dini, wala yeye hakuniomba nihame. Nilichukua nilichoweza kukibeba. Nikawa nasema Bismillah kabla ya kusahihisha madaftari, kabla ya kufuta ubao, kabla ya kumkaripia mwanafunzi, na mara nyingi karipio lenyewe lilikuwa linayeyukia mdomoni. Alipohamia Dar kwa mwanawe, aliniachia mikeka yake. Ndipo nikaanza kuwafundisha wanawake wenzangu, kwenye darasa la shule, madawati yakiwa yamesogezwa ukutani: walimu, muuguzi mmoja, mama wawili watatu wenye biashara zao sokoni. Nilikuwa nawaambia, "Fanya kwa moyo wote, halafu achia." Nilikuwa nalisema hilo kwa urahisi sana.

Miezi ya kwanza na mama ilikuwa mizuri, sitasema uongo. Baada ya sala ya alfajiri yeye alibaki kwenye msala akivuta uradi, mimi nikitandika mkeka pembeni yake na kukaa na pumzi zangu. Siku moja akanitazama.

"Hiyo ndiyo ibada ya Wahindi?"

"Hapana, mama. Navuta pumzi tu, namkumbuka Mungu."

"Haya, mkumbuke. Na mimi namkumbuka hapa."

Tukaendelea hivyo, mabega yetu yakikaribia kugusana, hadi ukungu ulipoanza kuondoka mlimani na mabonde yakaonekana kutoka dirishani. Sijawahi kuwa karibu naye vile, hata utotoni. Utotoni mwangu alikuwa na shamba na watoto na kuni. Hakuwa na nafasi ya kukaa.

Halafu ugonjwa wa kusahau ukasonga mbele. Daktari alikuwa ameshatueleza kwamba utachukua kwanza kumbukumbu za karibuni, ndipo urudi nyuma. Ulichukua jina la mtaa, ukachukua choo kiko wapi, ukachukua Kiswahili chake kidogo kidogo hadi akawa anaongea Kiluguru zaidi. Asubuhi moja nilitoka chumbani nimeshavaa kwenda shule, nimebeba mkoba wangu na madaftari. Mama alikuwa ameketi kwenye kochi. Aliponiona alijiinua nusu, akainamisha kichwa, akasema kwa adabu kabisa:

"Shikamoo, mwalimu."

Mama yangu mzazi. Kunisalimu mimi.

"Mama, ni mimi," nilisema. "Mimi mwanao."

Akaogopa. Akavuta kanga yake hadi kidevuni na kutazama mlango. Nikapiga magoti mbele yake, nikasema tena, nikataja kijiji chetu, nikamtaja baba. Kadiri nilivyosema ndivyo alivyozidi kurudi nyuma, machozi yakamtoka, na dada wa kazi akaja kunishika bega. Nilifika shule nimechelewa na sikumbuki nilifundisha nini.

Kesho yake alinisalimu vilevile. Nikasema, "Marahaba." Uso wake ukatulia. Tangu hapo nikawa naipokea shikamoo ya mama yangu kila asubuhi.

Nilijiambia kwamba sasa ndiyo nimefika kwenye somo lenyewe. Umhudumie mtu bila kudai chochote: huyu hapa, hata kujulikana kwamba mimi ni nani sitapata. Nilimwogesha, nikampaka mafuta miguu, nikamlisha uji kijiko kwa kijiko, na kila kijiko nilikitanguliza kwa Bismillah. Kuna siku ilifanya kazi. Nilikuwa nasikia moyo wangu umekunjuka, kana kwamba mapenzi hayahitaji kurudishwa. Siku nyingine nilitaka tu aniite kwa jina nililopewa.

Mchana mmoja, nikiwa namlisha, alishika mkono wangu na kijiko.

"Mwalimu, wewe ni mtu mwema. Binti yangu naye ni mwalimu, huku huku mjini."

"Ndiyo?"

"Eh. Mzuri sana huyo mtoto. Ila haji kuniona."

Nilikaa na kile kijiko hewani. Nikasema, "Nitamwambia aje."

"Mwambie," akasema. "Mwambie sijakasirika."

Niliinuka nikaenda uani, nikaegemea tanki la maji. Nikajaribu zile pumzi nilizowafundisha watu wengi, hazikunisaidia. Nikampigia simu mwalimu wangu wa yoga, kule Dar. Nilitegemea aseme kitu. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, sina la kukwambia. Mume wangu alipokufa sikuwasha taa ya sala kwa muda mrefu sana. Nilikuwa nimemkasirikia Mungu." Nikamsikia analia. Tukalia wote wawili, yeye kule, mimi huku, simu ikiwa sikioni.

Mama akaanza kutaka kwao. Alikuwa akifunga nguo zake kwenye kanga na kwenda kukaa mlangoni. Mjomba akaja.

"Mpwa wangu, mwache apande."

"Nani atamwogesha, mjomba?"

"Wanawake wa ukoo wapo. Kule hata akipotea, anapotea nyumbani."

"Nimemfanyia kila kitu hapa."

"Nani amesema hujafanya?" mjomba alisema taratibu. "Lakini analia."

Kweli alikuwa analia. Nikafungasha. Nilimpandisha mwenyewe, na gari lilipoanza kukunja kona za milimani na harufu ya mikarafuu ikaingia dirishani, aliketi wima akaanza kutaja miti kwa majina. Alipokelewa na wanawake wa rika lake waliokuwa wanaongea naye Kiluguru, na akacheka, kicheko ambacho kwangu sikuwa nimekisikia. Nilipoaga alinishukuru sana kwa kumsindikiza. Akaniombea dua nifike salama kwa mama yangu.

Nilikuwa napanda kila nilipopata likizo fupi. Mvua za masika zikakata barabara, nikakaa bila kwenda, na ndipo mjomba akapiga simu. Mama alikuwa amelala mchana baada ya sala ya adhuhuri, hakuamka.

Nilifika kwa pikipiki na kipande kwa miguu, matope hadi magotini. Wanawake walikuwa wamenisubiri. Yule mkubwa wao akasema, "Wewe ndiye binti, mshike kichwa." Tukamwosha. Nilimmiminia maji kuanzia upande wa kulia, kama nilivyokuwa namwogesha mjini, na mikono yangu ilijua kila mahali: kovu la jembe mguuni, mfupa wa bega. Kafuri, pamba, sanda. Wanaume wakambeba, sisi wanawake tukabaki ndani, na nikasikia sauti zao zikipanda kilima hadi zikapotea.

Nilirudi darasani Jumamosi moja baadaye. Wanawake walikuwa wameshatandika mikeka. Tulinyoosha migongo, tukapumua, nikaongoza kama kawaida hadi mwisho, pale ambapo watu hulala chali, viganja juu, macho yamefumbwa. Mkao huo unaitwa mkao wa maiti. Nilikuwa nimeutaja kwa jina hilo miaka yote. Safari hii sikulitaja. Nikawatazama wakisubiri.

"Leo tukae tu," nikasema.

Wakaketi. Yule muuguzi akasogea na mkeka wake hadi kando yangu. Nililia mbele yao wote, mwalimu wao wa kuachia, na hakuna aliyeniambia niache. Siku hizi tunamaliza tukiwa tumekaa. Hakuna aliyeuliza kwa nini.