Siku Risala Ilipombembeleza Mgeni Rasmi

Kuna aibu ambazo mtu huzikunja akazitia chini ya godoro, na kuna aibu iliyosomwa kwa sauti mbele ya kijiji kizima huku mgeni kutoka wilayani amekaa kiti cha mbele. Yangu ni hiyo ya pili, na kwa kuwa nusu ya watu wa Mpapura wanaisimulia vizuri kuliko mimi, naona afadhali niwaeleze mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wanaoitia chumvi.

Ni miaka mitatu sasa. Tulikuwa tunakaa Ufukoni, mume wangu akifanya kazi bandarini, nami nimeacha ualimu baada ya kumzaa Bakari, mtoto wetu wa pili, nikawa naandika nyumbani. Nasema "naandika" kama vile nilikuwa na ofisi, lakini ofisi yenyewe ilikuwa meza ya kulia chakula, chupa ya wino, na Zuhura, binti yangu wa kwanza, wa miaka minne, ambaye aliamini meza ile ilichongwa ili yeye aipande. Niliandika hadithi nikazituma gazetini kwa posta, niliandika mazungumzo ya malezi bora kwa ajili ya redio (msicheke), na zaidi ya yote niliandika risala za watu.

Nieleze kidogo, kwa wale ambao risala wameisikia tu lakini hawajawahi kuitunga. Kwanza unamkaribisha mgeni, halafu unamweleza mlichofanya, halafu taabu zenu, halafu pole pole, kama mtu anayesogeza sahani mbele ya mkwe, unaweka ombi. Ombi ndilo risala yenyewe, mengine yote ni mkeka wa kulikalisha. Na aliyeandika hajulikani, kwa sababu risala husema "sisi", na ikitoka vizuri kila aliyeketi pale anaona ni maneno yake mwenyewe. Ndiyo maana nilikuwa na desturi (na hata leo namshauri hivyo kila anayejifunza kuandika) ya kuisema kila sentensi kwa sauti wakati naiandika, nijue kama mdomo wa mtu unaweza kuibeba. Mdomo unatangulia, mkono unafuata. Baada ya muda mkono ukazoea kabisa, ukawa hauulizi tena.

Sasa, akina mama wa Mpapura walikuwa na kisima ambacho kwa kweli kilikuwa shimo tu kwenye mchanga, na kila masika kingo zinabomoka, na masika yaliyotangulia mwenzao mmoja alifukiwa mpaka kiunoni wakamvuta kwa kanga zilizofungwa pamoja. Walitaka kumwomba saruji ya kukijengea mgeni wa wilaya aliyekuwa anakuja kuwatembelea. Mwenyekiti wao, Bi Somoe, alinijia na kikapu cha muhogo mkavu, akakaa barazani, akanieleza yote hayo bila haraka, na alipokuwa anaondoka akageuka.

"Mwalimu," akasema, "maneno matamu weka, lakini saruji isije ikapotelea humo ndani."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Rasimu ilitoka nzuri. Ikabaki kuinakili tu kwenye karatasi safi, na lori la kwenda Mpapura lilikuwa linaondoka kesho yake alfajiri. Ningeweza kumsubiri baba Zuhura arudi kutoka kazini awachukue watoto. Lakini nikasema, ah, kunakili tu, nikamfunga Bakari mgongoni, nikakaa.

Mnaujua mchana wa Ufukoni maji yakiwa yametoka mbali, harufu ya tope na mwani inaingia mpaka chumbani, bati linalia pole pole kwa joto, na kivuli cha kuti kinatembea juu ya karatasi kinarudi, kinatembea kinarudi, mpaka mtu anahisi ni meza inayosogea. Nilikuwa nayumba kumtuliza Bakari, nasema risala, nambembeleza, nasema risala, namjibu Zuhura, na wala sikumbuki wapi moja liliishia na lingine likaanza, nakumbuka tu kwamba mkono ulikuwa unakwenda wenyewe kama kitu kinachoelea, na kwamba niliona sijawahi kuandika vizuri hivyo maishani. Nilikuwa na raha, nisiwadanganye. Nilipoweka nukta ya mwisho Bakari alikuwa amelala, na karatasi ile ilikuwa na kelele ukiishika, basi nikajiambia nikianza kuipitia tena ataamka. Nikaikunja.

Kesho yake tukapanda lori, mimi na watoto wangu, na kwenye uwanja wa Mpapura, mikorosho ikiwa imetoa maua na hewa yote inanukia, nikamkabidhi Bi Somoe risala imekunjwa vilevile. Hakupata nafasi ya kuifungua kwa sababu vumbi la gari la mgeni lilishaonekana. Akaifunga kwenye pindo la kanga akaenda kupokea wageni. Mimi nikaenda kukaa nyuma, mkekani, kama mtu asiyehusika.

Bi Somoe alikuwa amejifunza kusoma mwaka uliotangulia, kwenye darasa la watu wazima, na alisoma kwa kidole, kila neno kwa uzito uleule, kama mtu anayepanga mayai. Akasimama, akafungua karatasi, akaanza.

"Ndugu Mgeni Rasmi. Sisi akina mama wa Mpapura, tunakukaribisha kijijini kwetu kwa mikono miwili, nawa kwanza."

Nikashtuka kidogo. (Hayo nilikuwa nimemwambia Zuhura, aliyekuwa ametoka kuchezea matope.) Lakini kabla sijafikiri, mama mmoja, akidhani ndivyo ilivyopangwa, akakimbia na birika na bakuli mpaka mbele. Mgeni akalitazama birika, akaitazama mikono yake, akanawa. Watu wakapiga makofi. Nami, Mungu anisamehe, nikajisemea: sikumbuki kuandika hivyo, lakini mbona pamependeza.

Risala ikaendelea salama, ikapita kwenye mihogo, ikapita kwenye korosho na darasa lililojengwa kwa nguvu za wananchi, nikaanza kupumua.

"Na tangu kijiji chetu kianze," akasoma Bi Somoe, "kwa jua na kwa mvua, hatujapumzika, lala baba, lala, mama yupo."

Mgeni, ambaye alikuwa njiani tangu asubuhi na macho yalikuwa yameanza kumwelemea, akakaa wima.

"Wamemwona anasinzia," mama mtu mzima aliyekaa kando yangu akaninong'oneza. "Risala kali hii. Haimpi mtu nafasi."

Hapo nikaelewa. Nilihisi mkeka unazama chini yangu. Nikainua mkono kumwashiria Bi Somoe aache, naye akaniona, akadhani namtia moyo, akatabasamu, akapandisha sauti. Na mimi nilijua kilichokuwa mbele, kwa sababu mbele kulikuwa na ombi, na wakati naandika ombi Zuhura alikuwa anataka kashata.

"Kwa hiyo, Ndugu Mgeni Rasmi, tunakuomba utusaidie saruji ya kujengea kisima, hapana, nimesema hapana, leo hupati, hata ukilia mpaka baba yako arudi."

Bi Somoe mwenyewe alisita, lakini kidole kilikuwa kimeshasogea, na mstari ulikuwa bado haujaisha, naye hakuwa mtu wa kuacha mstari njiani.

"Zuhura, shuka mezani."

"Sipo mezani, mama," ikatoka sauti kando yangu, kubwa, ya mtu aliyeonewa. "Nimekaa mkekani."

Kijiji kizima kikageuka.

"Kumbe risala ina mwenyewe," akasema yule mama jirani yangu, akanisogelea aniangalie vizuri.

Mgeni akavua miwani. Akauliza nani ameandika, nikasimama na Bakari mgongoni, na Zuhura ameshika pindo la kanga yangu.

"Nimesikia saruji," akasema, "halafu nimesikia hapana. Mimi niandike lipi?"

Nilifungua mdomo. Mimi niliyekuwa natengenezea watu maneno, nikaanza kumweleza habari za kashata.

"Andika saruji, ndugu," akasema Bi Somoe kutoka mbele, karatasi bado mkononi. "Hapana ni ya mtoto."

Mgeni akainamia kijitabu chake akaandika, na mabega yake yalikuwa yanatikisika, lakini kama ni kicheko au hasira sikuweza kujua kutoka nilipokuwa. Kwenye hotuba yake alisifu kilimo na elimu, na kuhusu kisima akasema tu ataangalia. Mnajua "tutaangalia" ina maana gani.

Baadaye nikamwendea Bi Somoe nimwombe radhi, machozi yakinilenga.

"Radhi ya nini, Mwalimu? Mimi nilidhani ndicho Kiswahili cha risala. Ila pale pa kulala nikasema, mh, hawa wa mjini heshima zao zina mambo." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Lakini saruji isipokuja, nitakuja kukaa kwako Ufukoni, mimi na wenzangu, na ndoo zetu."

Hakuwa anatania. Miezi iliyofuata kila hodi mlangoni nilichungulia kwanza dirishani kama kuna ndoo, na mawingu yakianza kukusanyika upande wa Ruvuma nilikuwa namwona yule mama kwenye shimo, kiunoni, anavutwa kwa kanga. Sokoni waliniita Mama Shuka Mezani, nikaitika, kwani ningefanyaje. Halafu siku moja, masika yakiwa yamekaribia kabisa, dereva wa lori akasimama barazani akaniletea salamu za Bi Somoe, fupi kuliko risala yoyote: saruji imefika, kisima kimeshajengwa nusu, mwambie Zuhura.

Nilijaribu kuandika nimefunga mdomo. Maneno yakawa makavu kama muhogo wa mwaka juzi, nikaacha. Kwa hiyo bado nasema nikiandika, na ninyi mlio na watoto nyumbani na kazi mezani msivunjike moyo, inawezekana. Ila nimeapa, hakuna karatasi itakayotoka kwangu kabla sijaisoma yote kwa sauti mbele ya Zuhura na mdogo wake. Sentensi wakiijibu, naifuta. Wakisinzia, najua ni risala, inaweza kwenda.